Bwana Kimya na Mdomo wa Bosi Sogea

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nina hakika hawakuwahi kupokea watu wa filamu. Watu wa filamu hawapigi hodi, wanaingiza nyaya. Asubuhi ile nilitoka kuoga nikakuta sebule yangu si yangu tena. Makochi yamesukumwa ukutani, picha ya harusi ya wazazi imeteremshwa kwa sababu kioo chake eti kinarudisha taa, na mwanamume nisiyemjua amepanda na viatu vyake juu ya meza ninayolia chakula. Cherehani changu, ambacho ndicho kinachonilisha, kimefunikwa shuka na kutupwa koridoni. Friji limezimwa.

"Nani kazima friji langu?"

Wote wakamtazama mdogo wangu.

"Ni mimi, dada. Linanguruma."

"Linanguruma tangu nilinunue. Ndiyo kazi yake."

"Kwenye maiki linasikika kama lori. Tukimaliza nitaliwasha. Funguo za pikipiki yangu nimeziweka humo humo ndani, siwezi kuondoka nikalisahau."

Nikafungua nione. Kweli, funguo zilikuwa zimelala juu ya nyanya.

Huyo ndiye kitinda mimba wa mama yetu. Kazini na mtaani wanamwita Bwana Kimya, si kwa sababu hasemi, bali kwa sababu kutwa nzima yuko anawabembeleza watu: "Kimya, jamani, kimya kidogo." Kazi yake ni kurekodi sauti za filamu, hizi filamu zetu za kuungaunga ambazo kamera imeazimwa, gari limeazimwa, na gauni la bibi harusi nimelishona mimi. Alianza akivuta nyaya za vipaza sauti kwenye harusi na misiba. Akafanya hivyo miaka, mpaka siku moja akaniambia amechoka kuwasaidia watu kupiga kelele, sasa anataka kuwanyamazisha. Nikadhani ni utani. Akaenda akanunua hedifoni za mtumba, akatwaa mpini mrefu wa kuondolea utando darini, akafunga maiki kwenye ncha yake. Yale manyoya ya kuzuia upepo nilimshonea mimi kutoka kwenye kola ya koti kuukuu. Wifi yangu, mke wake, ana maneno yake: "Mume wangu anasikia bomba linadondosha maji nyumba ya tatu, lakini nikimwita jikoni aje anisaidie hasikii kitu."

Tunamtania, lakini ukimwona kazini utamheshimu. Anaingia chumbani, anasimama katikati, anafumba macho. Wengine wanatazama ukuta una rangi gani, yeye anasikiliza ukuta unasemaje. Na kinachoniudhi, kinachoniudhi mpaka leo, ni jinsi wanavyomfanya. Kwenye filamu hizi mtu wa sauti ndiye wa mwisho kupewa nafasi na wa kwanza kulaumiwa. Mpiga picha anaulizwa, "Umeipata?" Hata mpaka poda anaulizwa. Mdogo wangu amesimama na mpini juu ya kichwa, mikono inatetemeka, jasho linamwingia machoni, hakuna anayemuuliza kama amesikia.

Mwongozaji wa filamu ile ndiye balaa lenyewe. Watu wake wanamwita Bosi Sogea. Filamu zake zote za nyuma, sauti ya siku ya kupiga picha hutupwa, kisha huitwa watu wawili watatu studio wakawasemea waigizaji wote. Wanawake wote husemewa na mwanamke mmoja aliyepachikwa jina la Sauti Tamu. Amewasemea mabibi harusi, wajane, wauguzi na wachawi. Kuna filamu moja mkwe na mama mkwe waligombana mpaka wakashikana nywele, na wote wawili walikuwa yeye. Sasa kwa kuwa sauti ya siku ile hutupwa, Bosi Sogea alizoea kuongea kamera ikiwa inakwenda. Mwigizaji analia msiba, yeye yuko pembeni: "Sogea. Geuka. Sogea tena. Sasa machozi. Ongeza machozi." Ndiyo asili ya jina.

Safari hii mdogo wangu alimbembeleza watumie sauti halisi, wasirudi studio. Bosi Sogea akakubali. Wakaniomba sebule, na mimi kwa ajili ya damu yangu nikakubali.

Siku yenyewe ya kazi, mwigizaji wa kucheza mama hakutokea, na simu yake imezimwa. Bosi Sogea akawa anazunguka kama kuku anayetaka kutaga, mpaka akatupa macho koridoni. Mama yetu alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na cherehani, ananichagulia vifungo.

"Huyu! Uso huu huu! Bibi, utatuchezea?"

Mama akacheka, akaitikia kwa kichwa kabla sijafungua mdomo.

Hapa lazima niseme habari za Mama. Mwaka uliotangulia alipigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, ulimi ukagoma. Miezi mizima hakuweza kuniita jina langu. Ananiangalia, midomo inahangaika, machozi yanamtoka kwa hasira. Muuguzi wa mazoezi akamkalisha mbele ya kioo wakaanza a, e, i, o, u, mtu aliyelea watoto na wajukuu akaanza upya kama wa chekechea. Hakukosa hata siku moja. Herufi zikawa maneno, maneno yakawa sentensi. Akisema anasema taratibu, na katikati husimama akatafuta neno, kama mtu anayetafuta sarafu ndani ya mkoba. Ukimngoja, analipata. Na katika nyumba yetu hakuna anayejua kumngoja kama mdogo wangu, kwa sababu kungoja ndiyo kazi yake.

Maneno ya kwenye filamu yalikuwa ya mama ambaye mwanawe anataka kuuza nyumba ya marehemu baba. Hotuba moja, si ndefu, inamalizikia hivi: "Nyumba siuzi. Ukitaka kuuza, anza na mimi." Mama akafundishwa, akayashika yote, akayafanyia majaribio palepale kitini. Bosi Sogea akasikiliza nusu, kisha akamgeukia mpiga picha, akasema mbele ya mama yangu kana kwamba anaongea juu ya kabati:

"Sura nzuri mno. Hayo matamshi usijali, tutamtia sauti ya Sauti Tamu."

Vifungo vikamponyoka Mama, vikamwagika.

Damu ilinichemka. Mtu amehangaika mwaka mzima akiutafuta ulimi wake, ameurudisha herufi kwa herufi, halafu linakuja jitu na kofia yake linasema tutamtia wa mwingine! Nilikuwa nimeshanyanyua ufagio, nasema kweli. Mdogo wangu akanishika mkono.

"Dada, ngoja." Akamwendea. "Bosi, tulikubaliana. Sauti ikiwa safi, inabaki."

"Ikiwa safi. Nikisikia hata kuku mmoja, naipeleka studio."

"Na wewe, Mama, unasemaje?" mdogo wangu akamuuliza. Yeye peke yake ndiye aliyekumbuka kumuuliza.

Mama akatafuta. Tukangoja. "Nataka... yangu."

Basi, tukaingia kazini. Nilitoa mablanketi yote ya nyumba, na vitambaa vya wateja wangu, tukatundika ukutani ili sauti isirukeruke. Saa ya ukutani ikafungiwa kabatini ndani ya nguo. Kiti cha Mama kilikuwa kinalia, tukakibadilisha. Blauzi yake ya nailoni ilikuwa inachakarisha, nikamvisha ya pamba, na kile kimaiki kidogo nikakishonea ndani ya kola kwa mkono wangu, uzi usionekane. Bangili nikamvua. Kuku wa jirani wakabebwa ndani ya tenga hadi mwisho wa mtaa, mwenyewe akiwasindikiza. Ikabaki karakana ya fundi wa mageti, ukuta kwa ukuta na sisi, ambaye akianza kusaga chuma hata meno yanauma. Mdogo wangu akamfuata, akamsalimu vizuri, akamweleza.

"Mama yenu ndiye anaigiza?" fundi akauliza. "Mbona hukusema mapema! Nazima mashine. Na nitakaa hapa nje, bodaboda akipita atanijua mimi nani."

Mtaa wote ukanyamaza kwa ajili ya mwanamke mmoja. Nilisimama nyuma ya mlango nikashikwa na kilio, nikakimeza kisije kikasikika.

Kamera ikawashwa. Mama akaanza. Akasema kuhusu mume wake aliyejenga, mvua ilivyoivunja nyumba mara ya kwanza, akaijenga tena. Akafika mahali akasimama, anatafuta neno. Na katika kimya kile, kile kimya tulichokisumbukia kutwa nzima, nikasikia:

"Endelea, bibi. Sema nyumba siuzi."

Bosi Sogea! Mama akalipata neno lake, akaendelea kama hakuna mtu. Akasimama tena. "Mtazame mwanao. Sogea kidogo." Mama akaendelea. Akasimama. "Sasa kwa uchungu. Uchungu, bibi." Mpaka akafika mwisho, nyumba siuzi, ukitaka kuuza anza na mimi, na yule mwanamume aliyecheza mwanawe alikuwa analia machozi ambayo hakuagizwa.

"Safi!" Bosi Sogea akapiga makofi. "Tumeipata!"

Mdogo wangu akateremsha mpini. "Bosi, umeongea."

"Nimeongea wapi?"

"Mwanzo, katikati na mwisho. Naomba turudie."

Lakini kurudia haikuwezekana. Nilikuwa nimeshamshikia Mama kikombe cha maji, na upande mmoja wa uso ulikuwa umeanza kumwanguka kwa uchovu. Bosi Sogea akamtazama, akapandisha mabega. "Basi studio. Si nilisema ikiwa safi? Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Picha tunayo."

Ukimulika nyoka anzia miguuni pako. Tumezima friji, tumefungia saa, tumehamisha kuku, fundi wa chuma ameacha mkate wake. Aliyechafua sauti ni yeye, na hakimu wa uchafu ni yeye!

Mdogo wangu alikaa sakafuni, akavaa hedifoni, akafumba macho, akasikiliza yote upya huku wenzake wakianza kukunja nyaya. Kisha akanivuta gauni.

"Dada, hajamkanyaga."

"Hajamkanyaga nani?"

"Bosi. Hajaongea juu ya Mama hata neno moja. Anaongea Mama akinyamaza tu."

Nikaelewa. Yule bwana kila Mama aliposimama alidhani amesahau, akaingilia. Kwa hiyo mdomo wake wote ulikuwa umeangukia kwenye mapengo, na maneno ya Mama yalikuwa mazima, hayajaguswa. Mama angekuwa msemaji wa haraka, asingepona. Mdogo wangu akanieleza kwamba anaweza kumkata Bosi Sogea na kumtoa kabisa, ila pale alipotoka lazima pajazwe na kimya cha chumba hiki hiki. Si kimya chochote. Kila chumba kina kimya chake, akaniambia, na hiki kilikuwa na mablanketi yale, na watu wale wanapumua ndani yake. Ukiweka kimya cha kwingine, msikilizaji anashtuka kama aliyekanyaga shimo. Ilihitajika nusu dakika tu, lakini sasa hivi, kabla blanketi halijashuka.

Akasimama. "Jamani, naomba nusu dakika ya kimya. Kila mtu abaki alipo, nirekodi chumba."

"Urekodi nini?" Bosi Sogea akacheka. "Jua linanikimbia, wewe unataka kurekodi hewa? Kunjeni vitu!"

"Bosi, nusu dakika tu."

Hakuna aliyesimama. Mtu wa taa alikuwa ameshaanza kuvuta blanketi langu. Mdogo wangu akaomba tena, kwa adabu. Adabu ndiyo ugonjwa wake.

Mimi sina ugonjwa huo. Nilifunga mlango, nikazungusha ufunguo, nikautia kifuani, mahali ambapo hata mume wangu hupaomba ruhusa.

"Hii sebule ni yangu," nikasema. "Mmezima friji langu, mmenikanyagia meza kwa viatu, mmenitupia cherehani koridoni, nimenyamaza. Sasa ni zamu yenu. Blanketi lirudi lilipokuwa. Kila mtu asimame aliposimama mwanzo. Anayetaka kutoka, aje achukue ufunguo."

Hakuja mtu. Blanketi likarudi. Bosi Sogea akafungua mdomo, maana ule mdomo haujui kufungwa, na Mama kutoka kitini akamnyooshea kidole cha mkono mzima. Akatafuta neno, sote tukamngojea, yeye pia akiwa mdomo wazi.

"Nyamaza."

Akanyamaza.

Nimeishi katika nyumba ile tangu niolewe na sikuwahi kuisikia. Bati lilikuwa linagonga kidogo kwa joto la jua. Pumzi ya mpiga picha ilikuwa na mluzi. Pumzi ya Mama ilikuwa ndefu na inakwama kidogo mwishoni. Mdogo wangu alisimama katikati na mpini wake, anatabasamu kama mtu anayeonja mchuzi uliokolea.

Mngedhani mambo yaliisha hapo. Hayakuisha. Mdogo wangu aliifanyia kazi sauti ile mpaka Bosi Sogea mwenyewe aliposikilizishwa hakujua alikuwa ameongea wapi. Akasema si mbaya. Halafu akasema lakini watazamaji wamemzoea Sauti Tamu, kwa hiyo ataitwa tu, na atakayemrekodi ni Bwana Kimya.

Hebu pima mwenyewe. Mtu ashike maiki amfute mama yake mzazi! Nilimwambia aache kazi siku hiyo hiyo.

"Nikiacha, dada, watamwita mwingine, na huyo hatasikitika," akanijibu, akaenda.

Alivyonisimulia ni hivi. Sauti Tamu alisimama studio, uso wa Mama ukiwa kwenye skrini mbele yake, na sauti ya Mama masikioni ili aifuatishe midomo. Akaanza. Akamaliza hotuba yote, Mama bado yuko kwenye mvua ya kwanza. Wakarudia. Akajivuta, akasikika kama mtu anayewasomea watoto hadithi ya sungura. Wakarudia tena. Bosi Sogea akiwa nyuma ya kioo: "Sogeza maneno! Uchungu!" Mwisho yule dada akavua hedifoni, akamuuliza mdogo wangu, "Huyu mama ni nani?"

"Mama yangu."

Yule dada akamgeukia mwongozaji, akamwambia, "Bosi, nimewasemea watu wengi wasio na sauti. Huyu anayo." Akachukua mkoba wake, akaondoka. Bosi Sogea alibaki na studio isiyo na mtu wa kusema, akakubali shingo upande.

Filamu ilipotoka tuliitazama kwangu Jumapili mchana, sebule ile ile. Fundi wa mageti alikuja amevaa shati safi. Jirani wa kuku alikuja. Wifi na watoto wake walikaa chini. Mama tulimkalisha mbele kabisa. Uso wake ulipotokea watoto walipiga kelele, baba yao akawaambia kimya, na Mama akaanza kusema.

Ilikuwa safi. Kila neno lake lilikuwepo, na kila mahali aliposimama palikuwepo, na chumba kilikuwa kinapumua pamoja naye. Fundi alijifuta macho na mkono wa shati. Mama alipomaliza tulipiga makofi mpaka tukakosa kuona filamu inaendeleaje. Kisha mwisho majina yakaanza kupita. Dereva yumo. Aliyeleta maji yumo. Bosi Sogea yumo mara nne. Mdogo wangu hayumo. Nikasimama, niko tayari kumpa yule mtu vidonge vyake hata kama hayupo, na Mama akainua mkono nikae. Nikadhani naye amekasirikia majina.

"Ndivyo... ninavyosema?" akauliza.

Tangu apate nafuu, kila mtu katika nyumba ile, na mimi mbele yao, tulikuwa tukimwambia amerudi kama zamani, sauti ile ile, mgeni hawezi hata kujua aliumwa. Naye alituamini, kwa sababu kichwani mwake maneno yalikuwa yanakuja kwa mwendo wake wa siku zote. Hakuwa na mahali pengine pa kujisikia. Nilitafuta la kusema, na mimi si mtu wa kukosa la kusema.

"Ndivyo, Mama," akasema mdogo wangu.

Mama akatutazama mmoja mmoja, akaanzia kwangu.

"Waongo," akasema. Neno hilo halikumpa shida hata kidogo.

Kisha akamgeukia mwanawe wa mwisho. "Rudisha... nyuma. Na uongeze sauti."